Faiba Imefika Mlangoni, Rauta Ipi Iingie Ndani?



Siku ya kufungiwa faiba huwa na haraka yake. Mafundi wawili wanafika, mmoja anapanda ngazi kwenye nguzo, mwingine anasimama mlangoni na drili mkononi, na swali lao la kwanza ni hili: tutoboe wapi? Mwenye nyumba, ambaye pengine amesubiri kwa majuma kadhaa, ananyoosha kidole kwenye kona ya sebule ilipo televisheni. Dakika chache baadaye tundu limepita ukutani, kiboksi cheupe kimewaka taa, watoto wameshaomba nenosiri, na mafundi wanaaga. Wiki ya pili malalamiko yanaanza. Chumbani hakushiki. Mama akipiga simu ya video akiwa jikoni, picha inaganda. Hapo mtu anafunga safari kwenda Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi, kununua rauta yenye antena nane, na anarudi nayo akiwa na matumaini makubwa.

Nataka tuzungumze kabla hujafunga safari hiyo. Kwenye nyumba nyingi zilizokwisha kuunganishwa na faiba, kasi haipotei baharini wala kwenye nguzo. Inapotea kati ya ile kona ya sebule na chumba cha mwisho. Rauta ni sehemu ya tatizo hilo, lakini ni sehemu tu, na anayeinunua kwa kuangalia namba iliyoandikwa kwenye boksi anaweza kutoa fedha nyingi na chumbani kusishike vilevile.

Tuanzie nje. Kenya na Tanzania zilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa mpaka mwaka 2009, na aliyekaa kwenye duka la intaneti enzi zile anajua ukurasa mmoja ulivyokuwa unafunguka. Julai 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi hapa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa ukitokea Fujairah, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kuufikisha uzi wa kioo, yaani faiba, hadi mlangoni kwa mtu. Siku hizi unafika. Kwenye mfumo unaotumika sana, uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa njiani na kigawanyio kisichohitaji umeme hata kidogo, na nyumba 32 au 64 hugawana mwanga uleule. Uwezo wa uzi huo kushusha data kwenda majumbani ni karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde. Hata mkigawana, kwa vifurushi vya megabiti 20 au 50 ambavyo wengi wetu tunalipia, hiyo si njia nyembamba.

Uzi huo ukiingia ndani unaishia kwenye kiboksi ambacho mafundi hukiita ONT. Kazi yake ni kugeuza mwanga kuwa umeme unaoeleweka na vifaa vyetu. Rauta ni kitu kingine. Hiyo ndiyo inayogawa intaneti kwa simu, televisheni na kompyuta, inayolinda mlango wa kuingilia, na inayorusha waifai. Kampuni nyingi za kwetu huviweka vyote viwili kwenye boksi moja, nyingine huleta maboksi mawili yaliyounganishwa kwa waya mfupi. Jua uliyonayo ni ipi, kwa sababu ONT haibadilishwi kiholela: imesajiliwa kwa mtoa huduma, na ukinunua nyingine dukani haitaamka mpaka wao waitambue. Unachoweza kubadilisha ni rauta. Na ule waya mwembamba wenye kichwa cha kijani usiukunje kona kali, usiuzungushe kama waya wa pasi, na ukichomoka usichungulie ncha yake. Mwanga uliomo ndani ni leza isiyoonekana kwa macho. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kiboksi, na hilo ni suala la kumpigia mtoa huduma. Rauta mpya haitalitibu.

Sasa, usinunue kitu bado. Kaa na rauta uliyopewa, na upime. Chukua kompyuta yenye tundu la waya, iunganishe moja kwa moja na rauta kwa kebo, kisha pima kasi. Ukipata kile unacholipia, mtoa huduma ametimiza wajibu wake na rauta yako inaweza kubeba kifurushi chako. Kisha simama mita mbili kutoka kwenye rauta na upime kwa waifai ukitumia simu. Kisha nenda chumba cha mwisho, funga mlango kama unavyoufunga usiku, pima tena. Vipimo hivyo vitatu vitakuambia mengi kuliko muuzaji yeyote. Kama kasi ni mbovu hata kwenye waya, lalamika kwa mtoa huduma. Ikiwa nzuri kwenye waya na mbovu mita mbili tu kutoka kwenye rauta, basi rauta yenyewe ni dhaifu. Kasi ikiwa nzuri hapo karibu na ikafa chumbani, kuta zako ndizo zenye kesi, na huko ndiko nitakokaa kwa muda mrefu zaidi leo.

Lakini kwanza, matundu. Mtu aliyekuwa na intaneti ya waya wa simu, au rauta ya laini ya 4G, huwa anatamani kuendelea na kile alichonacho, na hilo ni jambo la busara. Geuza rauta hiyo uangalie nyuma. Unatafuta tundu la WAN, mara nyingi lenye rangi ya bluu, pana kiasi cha kupokea kichwa cha kebo ya mtandao. Rauta nyingi za zamani za waya wa simu hazina tundu hilo kabisa, zina tundu dogo la simu tu, na hizo haziwezi kupokea faiba bila ufundi wa ziada. Kama tundu lipo, uliza kasi yake. Yako matundu ya megabiti 100 na yako ya megabiti 1,000. Hapa watu wengi wanakula hasara bila kujua: zipo rauta zinazouzwa hadi leo, maboksi yake yameandikwa 1200 kwa herufi kubwa, na tundu la kuingizia intaneti halipitishi zaidi ya 100. Ukilipia kifurushi cha 200, nusu ya fedha yako inaishia kwenye tundu hilo kila mwezi. Anayelipia 20 au 40 hatoona tofauti yoyote, lakini rauta hukaa nyumbani miaka mitano au zaidi, na vifurushi vinapanda. Mimi nisingenunua leo rauta ambayo matundu yake si ya 1,000.

Hizo namba za boksi nazo tuzifungue. AC1200, AX1500, AX3000. Herufi zinaonyesha kizazi cha waifai: N ni kizazi cha nne, AC cha tano, AX cha sita, na sasa kuna BE, cha saba, ambacho vifaa vyake vilianza kuthibitishwa rasmi mwanzoni mwa mwaka 2024. Namba inayofuata ni jumla. Rauta hurusha mawimbi kwenye masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na kiwanda hujumlisha kilele cha kila moja kisha kukisogeza juu kidogo ili kipendeze. AC1200 ni 300 upande mmoja na 867 upande wa pili. AX3000 ni 574 na 2,402. Simu yako inatumia upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla ile haikuhusu. Hata ile 2,402 inahitaji simu inayoweza kutumia njia pana ya megahezi 160, na simu nyingi zinaishia 80, yaani nusu yake. Kisha toa hasara za kawaida za hewani, maana data halisi huwa karibu nusu ya kile kilele, ikizidi sana theluthi mbili. Antena nazo zisikutishe. Simu nyingi zina antena mbili tu ndani yake, na haziongezeki kwa sababu rauta imeota nane.

Kwa hiyo nyumba ya kawaida inahitaji nini? Picha ya HD inakula takribani megabiti 5 kwa sekunde, ya 4K takribani 15. Nyumba ya watu sita, televisheni mbili zikiwa hewani, mmoja akiwa kwenye mkutano wa kazi na watoto wakiwa na simu zao, haimalizi megabiti 50. Rauta ya kizazi cha sita, ya daraja la kati, yenye masafa yote mawili na matundu ya 1,000, inatosha na kubaki. Kizazi cha sita ninakipendelea kuliko cha tano, na sababu yangu haihusu kasi: kilibuniwa kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja bila kila kimoja kusubiri zamu ndefu, na nyumba zetu ni za watu wengi. Hesabu simu zilizokuwa sebuleni kwako Idi iliyopita, au Krismasi. Cha saba acha kwanza, isipokuwa simu na kompyuta zako ni za kizazi hicho.

Tuje kwenye kuta. Waifai ni redio, msikilizaji, ndugu wa damu wa hiki unachokisikiliza sasa. Wewe mwenye redio ya zamani unajua kwamba masafa ya kati hukufikia hata uko kijijini mbali, ilhali FM, pamoja na usafi wake wote, ukivuka vilima inakukimbia. Ndivyo yalivyo masafa mawili ya rauta. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kwenda mbali, lakini kasi yake ni ndogo na limejaa watu. Gigahezi 5 lina kasi kubwa na nafasi ya kutosha, ila ukuta mmoja wa tofali la saruji unalichosha, na wa pili unalimaliza.

Na sisi tunajenga kwa tofali la saruji. Ile picha ya rauta moja katikati ya nyumba inayong'arisha vyumba vyote imetoka kwenye nchi ambazo kuta za ndani ni mbao na jasi. Kwetu ukuta wa ndani ni tofali la inchi tano au sita, umepigwa lipu pande zote mbili, na juu ya mlango kuna lenta yenye nondo. Nyumba ya ghorofa ina slabu ya zege lenye nondo zilizosukwa, na chuma kwa mawimbi ya redio ni kizuizi kikubwa. Bati ni hivyohivyo. Kioo kikubwa cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, tangi la maji linameza mawimbi, na friji ni kabati la chuma. Walioko Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, wana shida ya peke yake: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa takribani nusu mita. Nyumba hizo zinatunza ubaridi vizuri ajabu, na sitaki kusikia mtu anazitoboa ovyo kwa ajili ya intaneti, lakini ndani yake gigahezi 5 halitoki chumba kimoja kwenda kingine. Hakuna rauta ya bei yoyote itakayobadilisha hilo. Nguvu ya kurusha mawimbi ina kikomo cha kisheria, na hata rauta ikipaza sauti, simu yako yenye betri ndogo lazima ijibu kwa sauti yake ndogo, na jibu hilo nalo lipite ukuta uleule.

Wanaokaa kwenye maghorofa ya kupanga wana jambo lingine tena: majirani. Gigahezi 2.4 lina njia tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Ukifungua simu yako ukaona majina ya waifai 25, hizo zote zinagombania njia tatu, na maikrowevu ya jirani ikiwashwa inaingia humohumo. Hapo ndipo gigahezi 5 linapookoa jahazi, na hapo ukuta mnene unageuka rafiki, kwa sababu unazuia mawimbi ya jirani yasije kwako.

Dawa ni nini? Kwanza mahali. Itoe rauta kwenye kabati la televisheni, iinue kutoka sakafuni, iweke wazi, kifuani au juu zaidi, kwenye korido kama nyumba ina korido, kwa sababu korido huona milango mingi. Hiyo ni bure, na kwa nyumba ya vyumba viwili mara nyingi inatosha. Kwa sababu hiyo lile swali la fundi la pa kutoboa linastahili kufikiriwa kabla hajafika. Zunguka nyumba yako siku moja kabla, ujue watu wanakaa wapi, nani anasomea wapi, kisha mwambie fundi: waya uishie hapa. Ule uzi wa faiba hauchoki kwa kuongezwa mita kumi.

Pili, kebo. Na hapa ndipo nadhani fedha za watu wengi zingepaswa kwenda badala ya kwenda kwenye rauta ya kifahari. Vuta kebo moja kutoka kwenye rauta hadi upande wa pili wa nyumba, na mwisho wa kebo hiyo weka kifaa kingine cha kurusha waifai. Kebo ya daraja la Cat5e inapitisha gigabiti 1 hadi umbali wa mita 100, na hakuna nyumba ya jirani yangu yenye urefu huo. Ukinunua, angalia iwe ya shaba tupu. Madukani kuna kebo nyingi za bei rahisi ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Hukatika ukizikunja, na vichwa vyake hulegea. Msimamie fundi aunganishe nyaya zote nane zilizomo ndani. Wapo wanaotumia nne na kuziacha nne nyingine kwa ajili ya kamera, na nyaya nne haziwezi kupitisha zaidi ya megabiti 100. Na wewe unayejenga sasa hivi, ambaye kuta zako bado hazijapigwa lipu, mwambie fundi umeme apitishe bomba moja la ziada kwenda kila chumba na aliache tupu. Hili ninalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona nyumba nzuri, mpya kabisa, zikichongwa kuta miezi sita baada ya watu kuhamia.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyoahidi kuongeza waifai, sina imani navyo. Vingi kati yake vinasikiliza na kurudia kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo karibu nusu ya kasi inakwenda kwenye kurudia. Mtu mwenye kifurushi kikubwa na mahitaji madogo atavumilia. Seti za rauta mbili au tatu zinazoshirikiana ni bora, hasa zikiunganishwa kwa kebo. Zikitegemea hewa peke yake, zile kuta zetu zinazipata palepale.

Umeme. Nimesema kigawanyio cha njiani hakitumii umeme, na maana yake kwa mtu wa Dar es Salaam ni kubwa. Umeme ukikatika mtaani, mwanga wa faiba bado unafika mlangoni kwako ilimradi kituo cha mtoa huduma kina betri au jenereta. Kilichozimika ni kiboksi chako na rauta yako, na hivyo vyote viwili kwa kawaida vinatumia umeme mdogo, wati chache tu kila kimoja. Kuna UPS ndogo za betri zinazotoa volti 9 au 12 moja kwa moja, na zinaweza kukuvusha mkatiko wa saa kadhaa. Unapochagua rauta, pindua adapta yake usome volti. Ikiwa ni volti 12 kama kiboksi cha faiba, utapata UPS moja ya kuvihudumia vyote. Usikosee volti, na ampea za UPS zisiwe chini ya jumla ya vifaa vyako. Ndugu zetu wanaotusikiliza kutoka Uingereza nao walizingatie hili, kwa sababu huko simu za zamani za waya wa shaba zinaelekea kuzimwa kabisa ifikapo Januari 2027, na simu ya nyumbani inahamia kwenye rauta. Umeme ukikatika bila betri, na simu ya mezani ya mzee wako inakatika.

Sasa usalama, na hapa naomba unisikilize kwa makini hata kama mengine yamekuchosha. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani ikijaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani, jozi zaidi ya 60 tu, kwenye kamera na rauta za majumbani. Ilifungua vifaa vingi mno. Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix hazikupatikana kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Mwezi uliofuata, tawi la programu hiyohiyo lilishambulia rauta kupitia kosa la kiufundi, na wateja takribani 900,000 wa Deutsche Telekom wa Ujerumani wakapata matatizo ya huduma. Vifaa hivyo vilikuwa vya watu wa kawaida, vimekaa karibu na televisheni, na wenyewe hawakujua lolote.

Kwa hiyo muuzaji akikutajia kasi, wewe muulize habari za masasisho. Kiwanda kitaendelea kutengeneza viraka vya usalama vya rauta hii kwa muda gani? Uingereza imelifanya swali hilo kuwa sheria: tangu Aprili 29, 2024 kifaa cha intaneti cha nyumbani hakiruhusiwi kuuzwa na nenosiri moja rahisi la kiwandani, na mtengenezaji hana budi kueleza muda wa chini wa masasisho. Sisi tunaweza kuuliza bila kusubiri sheria. Rauta ikiwaka, badilisha nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio yake, ambalo ni tofauti na lile la waifai. Kwenye ulinzi wa waifai chagua WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe. Washa mtandao wa wageni, ili rafiki wa mtoto akija na simu yake isikae meza moja na kompyuta yako ya kazi. Na zile rauta zilizotumika, zinazokuja kwenye makontena na kuuzwa kwa bei ya kutupa, nyingi zimefungwa kwa kampuni za huko zilikotoka au zimeachwa na viwanda vyake zamani. Ni mbuzi kwenye gunia. Tafuta kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano: TCRA hapa kwetu, au CA kwa Kenya.

Kabla ya kulipa dukani, mpigie mtoa huduma wako. Muulize kama anaruhusu rauta yako mwenyewe, na kama anatumia jina na nenosiri la kuunganisha, yaani PPPoE, au namba ya VLAN. Ukizikosa taarifa hizo, rauta mpya itawaka taa zote na intaneti isipite. Kama boksi lake ni ONT na rauta kwa pamoja, mwombe aliweke kwenye hali ya daraja (bridge), ama uiweke rauta yako kama kirusha waifai tu, ili zisiwe rauta mbili zinazogawa anwani kila moja kivyake. Na kama una kamera unazotaka kuziona ukiwa safarini, muulize kama anakupa anwani yako ya umma au unashirikiana na wateja wengine. Mkishirikiana, kamera za aina fulani hazitafikika kutoka nje, na rauta ya gharama yoyote haina uwezo juu ya hilo.

Kuna siku tatizo litakuwa mbali kabisa na wewe. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ilisota. Siku kama hiyo usianze kufungua mipangilio ya rauta na kubonyeza usichokijua. Ukiirudisha rauta kwenye hali ya kiwandani unaweza kupoteza hata taarifa za kuunganishia, kisha mkongo ukirudi wewe ukabaki gizani. Ziandike taarifa hizo kwenye karatasi, uibandike chini ya rauta.

Jambo la mwisho ni rauta yako ya zamani. Kama ni ya miaka ya karibuni, ina gigahezi 5 na kiwanda bado kinaihudumia, usiigawe haraka. Ingia kwenye mipangilio yake, uipe anwani isiyogongana na ile mpya, zima kazi ya kugawa anwani inayoitwa DHCP, weka jina na nenosiri lilelile la waifai ya nyumbani, kisha ichomeke kwa kebo kutoka tundu la LAN la rauta mpya kwenda tundu la LAN lake, usitumie lile la WAN. Itakuwa kirusha waifai cha pili upande wa vyumbani, na gharama yake ni bei ya ile kebo ya shaba.